Wasomaji Wauliza: Diamond DA42, Umbo Lake na Uwezo Wake Angani

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi aina za ndege ndogo za injini mbili zinazotumiwa kufundishia marubani wanaotafuta ruhusa ya kurusha ndege zenye injini zaidi ya moja. Aya moja tu ilihusu Diamond DA42 ya Austria, ambayo wengi huiita Twin Star, na aya hiyo moja ndiyo iliyoleta barua nyingi kuliko makala yote. Wapo walioisifu kwa umbo, wapo walioiona dhaifu, na wapo waliotaka kujua ukweli wa habari walizosikia kuhusu injini zake. Toleo hili tumeitengea ukurasa mzima wa maswali, na majibu yameandikwa na rubani mwalimu wa safu hii.

Msomaji wa Nairobi anauliza: Mimi si rubani, ila napenda sana ndege na hukaa karibu na uwanja wa Wilson. Nimeiona DA42 mara kadhaa na kwangu mimi ni ndege nzuri kuliko zote ndogo. Rafiki yangu ambaye ni rubani ananicheka. Anasema ule ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na kwamba ndege ya injini mbili inayostahili jina hilo ni Baron. Je, marubani wenyewe wanaionaje sura ya ndege hii?

Jibu: Marubani hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hili, na sidhani kama watakubaliana. Wanaoisifu hutaja mabawa marefu na membamba, mkia ulio juu mithili ya herufi T, na kioo kikubwa kinachoanza mbele ya magoti ya rubani na kumalizikia juu ya kichwa chake. Wanaoikosoa husema pua yake ni ndefu mno kwa kiwiliwili chembamba namna ile, na kwamba ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake huonekana kama imeinuliwa kidogo kupita kiasi. Rafiki yako aliyezoea Beechcraft Baron amelelewa katika mila nyingine ya umbo: kiwiliwili kipana, mabawa mafupi kiasi, na makasha makubwa ya injini yanayotangaza kwamba ndani yake mna nguvu nyingi.

Hata hivyo, nisingependa tuliache suala hili kwenye ladha ya mtu na mtu, kwa sababu umbo la DA42 lina historia yake. Kampuni iliyoitengeneza ilianza mwaka 1981 kwa kuunda Dimona, ndege nyepesi ya kuelea hewani ambayo ina injini ndogo ya kuisaidia kupaa. Watu waliokulia katika kazi hiyo hujifunza mapema kwamba bawa refu na jembamba hubeba uzito kwa kupoteza nguvu kidogo. Walipokuja kuunda ndege ya injini mbili, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 2002, waliendelea na fikra hiyo hiyo. Bawa la DA42 lina urefu wa takriban mita 13.4 kutoka ncha hadi ncha, wakati la Baron 58 ni takriban mita 11.5, ingawa Baron ni ndege nzito zaidi kwa mbali. Mwili wake umeundwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini, hivyo hauna mistari ya misumari ambayo huonekana kwenye ndege za bati, na hewa huteleza juu yake bila kukwaruzwa.

Hata makasha ya injini yana maana yake. Injini ya kawaida ya ndege ndogo ina silinda zilizolala kushoto na kulia, na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo kasha lake lazima liwe pana na lenye midomo mikubwa mbele. Injini ya DA42 ina silinda nne zilizojipanga mstari mmoja na hupozwa kwa maji, kwa hiyo kasha lake ni jembamba na refu. Ukiitazama ndege hii kutoka mbele, utaona jinsi ilivyo na kitu kidogo sana cha kupambana na hewa. Mimi naiona ni ndege nzuri, na uzuri wenyewe unatokana na kwamba kila kipande unachokiona kipo kwa ajili ya kuiwezesha kuruka kwa nguvu ndogo. Kwa kipimo hicho hicho naiheshimu sana Britten-Norman Islander, iliyoruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1965, ambayo hakuna rubani niliyemsikia akiiita nzuri, lakini ambayo magurudumu yake yasiyokunjwa na bawa lake nene vimeipeleka mahali ambapo DA42 haitakiwi kuthubutu. Mwambie rafiki yako Baron ni ndege bora ya safari za haraka, lakini hoja ya mkakasi haishiki hapa.

Mwanafunzi wa urubani, Arusha, anauliza: Shikamoo Kapteni. Nimemaliza leseni ya awali na sasa najiandaa kwa mafunzo ya injini mbili. Baadhi ya wenzangu wanasema DA42 ina injini za gari, zenye nguvu za farasi 168 tu kila moja, na kwamba ikipoteza injini moja kwenye viwanja vyetu vya juu haitaweza kupanda. Wengine wanasema ndiyo salama kuliko zote kwa sababu kompyuta hufanya kila kitu. Nimshike nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimshike yeyote kati yao kwa asilimia mia, kwa sababu kila upande umeshika nusu ya jambo.

Tuanze na asili ya injini. Ni kweli kwamba toleo la kwanza la DA42 lilitumia injini za dizeli za Thielert za nguvu za farasi 135, ambazo chimbuko lake ni injini ya gari la Mercedes-Benz, na kwamba injini ya AE300 ya nguvu za farasi 168, iliyoletwa na toleo la NG mwaka 2009, nayo imejengwa juu ya msingi wa injini ya Mercedes-Benz. Kusema hivyo si kuitukana. Injini hizo zilibadilishwa sana, zikawekewa giaboksi ya kupunguza mizunguko kabla haijafika kwenye propela, zikafanyiwa majaribio na kuthibitishwa na mamlaka ya usafiri wa anga kama injini nyingine yoyote. Lililo muhimu kwako wewe wa Arusha ni kwamba zina tabo, yaani kifaa cha kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini.

Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha angahewa, joto la mahali pa urefu huo lingekuwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi. Mchana wa nyuzi 28, ambao wewe unaujua vizuri, hewa hutanuka na kuwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujisikia kama iko futi 7,200. Wilson, ambako uwanja uko futi 5,536, mchana wa nyuzi 25 huipeleka ndege kwenye hali ya futi 8,000 kabla hata magurudumu hayajaondoka ardhini. Katika hewa hiyo injini ya petroli isiyo na tabo huwa imeshapoteza takriban robo ya nguvu yake, na hakuna rubani anayeweza kuirudisha. Injini yenye tabo huisukuma hewa hiyo nyepesi ndani ya silinda na kubaki na sehemu kubwa ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo farasi 168 wa DA42 huweza kuwa na kazi zaidi pale Wilson kuliko farasi 200 wa injini isiyo na tabo, jambo ambalo wenzako waliolinganisha namba za kwenye vijitabu hawakulitazama. Lakini elewa vizuri: tabo huisaidia injini, haiyasaidii mabawa. Bawa bado liko katika hewa nyepesi, ndege itahitaji mwendo mrefu zaidi ardhini, na itafika mwisho wa barabara ya kurukia haraka kuliko ulivyozoea kule Tanga au Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye injini moja, na hapa nakuomba usome polepole. Mtu hudhani kwamba ndege ikipoteza injini moja kati ya mbili hupoteza nusu ya uwezo wake. Hupoteza nusu ya nguvu, ndiyo, lakini uwezo wa kupanda hautokani na nguvu yote. Unatokana na ile inayobaki baada ya ndege kujitosheleza kuruka bila kushuka. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ndege ina jumla ya farasi 336, na inahitaji 130 ili ijishikilie angani kwa kasi ya kupanda. Zinabaki 206 za kupandia. Ondoa injini moja: una 168, toa zile 130, zimebaki 38. Umetoka 206 hadi 38, yaani zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa kupanda imeondoka kwa mkupuo mmoja. Na hesabu hii bado haijagusa ule upinzani wa propela iliyosimama na wa ndege inayokwenda ubavuubavu. Ndiyo maana kanuni zilizotumika kwa miaka mingi kuthibitisha ndege nyepesi za injini mbili nchini Marekani, zile zisizozidi pauni 6,000 na zinazotua kwa kasi ndogo, hazikuzilazimisha kupanda hata kidogo kwa injini moja. Zilitaka tu mtengenezaji apime na aandike matokeo. DA42 iko katika kundi hilo kwa uzito. Kwamba hupanda kwa injini moja katika hali nyingi ni sifa ya lile bawa refu tulilomtajia msomaji wa Nairobi, lakini hupanda kwa unyonge, na ikiwa imejazwa watu wanne na mafuta yote mchana wa jua kali, unyonge huo unaweza kufika sifuri.

Wanaosema kompyuta hufanya kila kitu nao wasikilizwe kwa kiasi. Kwenye Piper Seneca ya mwalimu wako, ndege ya petroli ya injini mbili, utakuta vishikio sita: viwili vya nguvu, viwili vya propela, viwili vya mchanganyiko wa mafuta na hewa. Injini ikifa, lazima ujue kipi cha kusukuma na kipi cha kuvuta, na kwa mpangilio. Kwenye DA42 kuna vishikio viwili tu, kimoja kwa kila injini, na kompyuta ndiyo inayochagua pembe ya propela na kiasi cha mafuta. Ili kuifunga injini iliyokufa, unazima swichi yake kuu, na mapanga ya propela hujigeuza yenyewe yaelekeze makali yake kwenye upepo ili yasiburute ndege. Ni rahisi ajabu. Lakini swichi hizo kuu ziko mbili, zinafanana, na kompyuta haitakuzuia kuzima ile ya injini nzima. Kwa hiyo kazi ya kuitambua injini iliyokufa bado ni yako: uone ni mguu upi umebaki bila kazi kwenye kanyagio wakati unaishikilia ndege isipinde, kisha urudishe nyuma kishikio cha upande huo taratibu na usikilize kama kuna badiliko lolote, ndipo mkono wako uende kwenye swichi. Propela zote mbili za DA42 huzunguka upande mmoja, tofauti na za Seneca ambazo huzunguka kinyume, hivyo kwenye DA42 injini ya kushoto ikifa ndege huwa ngumu zaidi kuidhibiti kuliko ikifa ya kulia. Wanafunzi wengi hukariri jambo hili kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku inayofuata.

Nina ushauri mmoja zaidi. Ukifundishwa kwenye DA42 kisha ukaajiriwa kurusha Islander au Cessna 402, utakutana na vile vishikio sita ukiwa huna mazoezi navyo. Mwombe mwalimu wako akupitishe kwenye mazoezi hayo ardhini hata kama mtihani wako hauyahitaji, kwa kuwa mahali pa kujifunzia mpangilio wa mikono ni kwenye kiti kilichosimama.

Rubani wa ndege za kukodi, Dar es Salaam, anauliza: Nimerusha ndege za petroli kwa muda mrefu. Mwenye kampuni yetu anafikiria DA42 kwa ajili ya safari za watu wawili watatu na kazi za kupiga picha kutoka angani. Anavutiwa na hesabu ya mafuta. Je, hesabu hiyo ni ya kweli, na je, marubani walioizoea wanalalamikia nini?

Jibu: Hesabu ni ya kweli, na ndiyo sababu kuu ya ndege hii kuwepo. Mnamo Agosti 2004, DA42 ya toleo la kwanza ilivuka Atlantiki ya Kaskazini bila kutua, kutoka Newfoundland, Kanada, hadi Ureno, kwa saa 12 na nusu hivi, na wastani wa matumizi ulikuwa karibu lita 22 kwa saa kwa kila injini. Katika kazi za kawaida, toleo la NG likisafiri kwa nguvu ya wastani hutumia lita 40 na ushei kwa saa kwa injini zote mbili. Baron yenye injini mbili za farasi 300 kila moja itaipita DA42 angani, kwa kuwa hukaribia noti 200, yaani maili za bahari kwa saa, wakati DA42 NG hutembea kwa noti 150 hadi 170 kulingana na urefu na nguvu unayoitumia. Lakini Baron hiyo itakunywa zaidi ya lita 100 katika saa ile ile.

Bei ya lita nayo ni habari nyingine, na kwetu Afrika Mashariki hiyo ndiyo habari yenyewe. Petroli ya ndege, ile yenye madini ya risasi, hupatikana katika viwanja vichache, na wewe mwenyewe unajua safari ambazo hupangwa kwa kufuata mahali yalipo mapipa badala ya kufuata mahali abiria anapokwenda. DA42 hutumia Jet A-1, mafuta yale yale ya ndege kubwa, kwa hiyo popote zinapojazwa mafuta ndege za abiria za turbini, nayo itapata ya kwake. Kwa kampuni ya kukodisha ndege, uhuru huu una thamani kuliko lita zinazookolewa.

Malalamiko yapo, na nitakupa yale ninayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa watu wanaoifahamu ndege. La kwanza ni uzito. Tangi zikijaa zina takriban lita 286, ambazo ni kilo 229 hivi, na ndege ikishawekewa vifaa vingi, kama ile mifumo ya kuzuia barafu na kamera, viti vinne hugeuka kuwa viti vitatu. Kwa kazi zenu za watu wawili na kamera hilo si tatizo. La pili ni kwamba usukani, ambao ni fimbo inayotoka mbele ya kiti katikati ya miguu, ni mwepesi kwa kuinua na kushusha pua lakini mzito kwa kulaza mabawa, na aliyetoka kwenye ndege nyingine ndogo huhisi kwamba ndege inachelewa kumsikiliza. La tatu ni kutua. Bawa lile lile linalookoa mafuta halitaki kuacha kuruka. Ukija na kasi ya ziada, ndege itaelea juu ya barabara, na mita zitapita chini yako huku ukisubiri. Dawa yake ni kupunguza kasi mapema, na ndege yenyewe inakusaidia kwa sababu magurudumu yanaweza kuteremshwa ungali kwenye kasi kubwa na hufanya kazi nzuri ya breki ya hewa. Yakishagusa ardhi, magurudumu makuu yana mikono inayoelekea nyuma yenye kumeza kishindo, kwa hiyo hata mtuaji wa wastani huonekana hodari. Mwambie mwenye kampuni kwamba kwa viwanja vya lami na vya changarawe iliyoshindiliwa vizuri hesabu yake ni sahihi. Kwa viwanja vya nyasi na mashimo vya porini, propela zake ziko karibu na ardhi kuliko ningependa, na ningebaki na ndege yenye bawa juu.

Msomaji wa Mwanza anauliza: Nimesikia kwamba DA42 moja huko Ujerumani ilizimikiwa na injini zote mbili kwa pamoja mara tu baada ya kuruka. Ikiwa injini mbili zinaweza kufa kwa sababu moja, faida ya kuwa na mbili ni ipi?

Jibu: Umesikia sawasawa, na swali lako linagusa kiini cha jambo. Tukio hilo lilitokea Speyer mnamo Machi 2007. Betri ya ndege ilikuwa imeisha nguvu, na injini zote mbili zikawashwa kwa umeme wa kutoka nje. Utaratibu ulitaka injini moja iwashwe hivyo, kisha ya pili iwashwe kwa umeme wa ndege yenyewe, ili rubani athibitishe kwamba betri ina uwezo. Ndege iliruka ikiwa na betri tupu. Rubani alipokunja magurudumu, mota ya kuyakunja ilivuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zikaporomoka kwa muda mfupi mno, na kompyuta zinazoendesha injini zikajizima na kuanza upya. Mapanga ya propela yakageuka na kuelekeza makali yake kwenye upepo, injini zikasimama, na ndege ikatua kwa tumbo shambani. Waliokuwemo walinusurika bila kuumia.

Kwenye ndege za petroli za zamani, cheche za plagi hutoka kwenye magineto, vifaa vya kuzalisha umeme vinavyozungushwa na injini yenyewe na ambavyo havina haja na betri. Unaweza kuzima umeme wote wa ndege na injini ikaendelea kunguruma. DA42 ya toleo la kwanza ilileta kitu ambacho marubani wengi hawakukizoea: injini mbili zilizotenganishwa kwa mita kadhaa za bawa, lakini zilizounganishwa na waya mmoja wa utegemezi. Baada ya tukio hilo kompyuta za injini ziliwekewa betri za akiba zilizo peke yake, na toleo la NG lilizaliwa likiwa nazo. Kila injini ina kompyuta mbili, A na B, na moja ikishindwa nyingine hushika kazi.

Rubani naye ana jukumu katika hili kila siku kabla ya kuruka. Anabonyeza kitufe cha majaribio cha injini moja na kukishikilia bila kukiachia. Taa za onyo za kompyuta A na B huwaka, injini hujiongezea mizunguko yenyewe, propela husikika ikibadilisha pembe, mizunguko hupanda na kushuka, kazi huhama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, kisha taa huzimika zote na injini hurudi kwenye utulivu wake. Halafu anarudia upande wa pili. Anayekiachia kitufe kabla mzunguko huo haujakamilika kwa sababu mnara umeshampa ruhusa ya kuingia barabarani, hajalifanya jaribio. Kuhusu faida ya injini mbili, ipo, na ni kubwa pale zinapokuwa hazishiriki sababu ya kufa. Mafuta machafu, mafuta yaliyoisha na umeme uliokufa ni mambo matatu yanayoweza kuzichukua zote, na yote matatu hukaguliwa ardhini.

Msomaji wa Zanzibar anauliza: Je, ni kweli kwamba ndani ya ndege hii joto halivumiliki?

Jibu: Ikiwa ardhini na kioo kimefungwa, ni kweli. Kioo kile kinachompa rubani mandhari ya kuvutia humpa pia jua lote la Unguja. Ndiyo maana kifuniko kina sehemu ya kukishikilia kikiwa wazi kidogo wakati ndege inatembea ardhini, na kifungwe kabisa kabla ya kuruka; wenye uwezo hununua ndege yenye kiyoyozi. Pakiwa na joto ndipo pia utaelewa kwa nini karibu DA42 zote ni nyeupe: nyuzi za kaboni na resini hazipendi kupata moto, na rangi nyeusi ingezifikisha kwenye joto lisiloruhusiwa. Ukifunga kioo cha mbele, usisahau mlango wa nyuma. Ni mwepesi, hufunguka kwenda juu, na ukipeperushwa angani hautarudi.

Msomaji anayeishi Muscat anauliza: Ninapanga kununua DA42 iliyotumika ili niifanyie safari zangu binafsi. Bei zinatofautiana mno, hata kwa ndege za miaka inayokaribiana. Nitazame nini?

Jibu: Tofauti hiyo ya bei iko kwenye injini kuliko mahali pengine popote. Thielert ilifilisika Aprili 2008, na wenye ndege wakajikuta na dhamana zisizo na kampuni nyuma yake na vipuri vilivyopanda bei. Injini zile za mwanzo zilikuwa na giaboksi iliyotakiwa kutolewa kukaguliwa kila baada ya saa 300, na injini yenyewe haikufumuliwa na kutengenezwa upya kama tulivyozoea, bali ilipofika mwisho wa saa zake ilibadilishwa nzima. Biashara hiyo ilinunuliwa mwaka 2013 na kuwekwa chini ya jina la Continental, kwa hiyo vipuri vipo, lakini ndege yenye injini za kizazi hicho lazima uinunue kwa bei inayokumbuka saa zilizobaki. Toleo la NG na lile la VI lililofuata mwaka 2012 yana injini za Austro, yaani zile za AE300, ambazo muda wake wa kutumika umeongezwa hatua kwa hatua kadiri uzoefu ulivyopatikana. Kati ya hayo mawili, VI ndiyo yenye kasi zaidi, kwa sababu ya propela mpya zenye mapanga yaliyopinda na marekebisho kwenye mkia na makasha ya injini. Utakutana pia na L360, yenye injini za petroli za Lycoming za farasi 180, iliyolengwa zaidi shule za Amerika Kaskazini. Kwa Ghuba sikushauri, kwa sababu ile ile niliyompa rubani wa Dar es Salaam.

Baada ya injini, tazama mwili. Bati likigongwa huonyesha bonde; nyuzi za kaboni zinaweza kuachana tabaka na tabaka kwa ndani huku rangi ya juu ikiwa haina hata mkwaruzo. Tafuta fundi aliyesomea kazi hiyo. Utamwona akipita kwenye bawa na sarafu, akigonga kidogokidogo na kusikiliza: mahali pazima hutoa mlio mkali na wa namna moja, na mahali palipoachana hutoa mlio mzito, uliofifia. Mwombe aanzie kwenye viungo vya magurudumu na bawa, hasa ikiwa ndege imetoka shule ya urubani, kwa kuwa ndiko ilikotuliwa kwa kishindo na wanafunzi. Mwisho, omba daftari la kumbukumbu za injini zote mbili na faili la data lililotolewa kwenye kompyuta zake. Kompyuta hizo huhifadhi joto, shinikizo na hitilafu za safari zilizopita, na fundi mwenye vifaa huweza kuzisoma kwa muda mfupi. Muuzaji akikataa zisomwe, tafuta ndege nyingine.